UZI: Kufunga kamera ya kuchambua korosho. Taa, lebo na kizingiti kwanza, modeli baadaye

#1 FundiTaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Maswali ya kompyuta kutambua kasoro kwa picha yamekuwa mengi humu, na majibu mengi ni yale yale: pakua YOLO (modeli, yaani programu inayojifunza kutambua vitu kwa picha), fundisha, maliza. Mimi nimekaa msimu mzima kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho huku Kusini nikifunga mfumo wa namna hiyo, na kilichonila muda siyo YOLO. Naandika kwa urefu kwa sababu wakati naanza sikupata mtu aliyeyaweka haya kwa Kiswahili.

Kwa asiyeijua kazi: korosho ikishabanguliwa, ikakaushwa na kumenywa ile ngozi nyekundu ya ndani, inapelekwa kwenye meza za uchambuzi. Kina mama wanatenga nzima na vipande, nyeupe na zilizoungua, safi na zilizoliwa na wadudu. Nzima nyeupe zinapangwa kwa ukubwa: W180, W210, W240, W320, W450. Ile namba ni idadi ya korosho katika ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Kwa hiyo W320 moja haifiki hata gramu moja na nusu, na mchambuzi anashika maelfu kwa siku.

Nilipiga picha nyingi, nikazigawa mafungu mawili, NZURI na MBOVU, nikafundisha modeli. Namba zikatoka za kupendeza. Nikamwita mama anayesimamia meza aje aone. Hakuangalia kioo. Alichukua korosho moja kwenye sahani ya nzuri, akaigeuza kwa kidole gumba. Chini, kwenye ule mkunjo wa ndani, palikuwa na kipande cha ngozi nyekundu kidogo kuliko punje ya mtama. Akaniuliza, "Mwanangu, kamera yako inageuza?"

Haikuwa inageuza. Korosho ikilala kwenye mkanda inalala kwa ubavu wake, na ngozi inayokataa kumenyeka hung'ang'ania kwenye mkunjo, mahali ambapo kamera ya juu haifiki. Modeli yoyote duniani haiwezi kuona kitu ambacho hakimo kwenye picha. Nilipoteza wiki tatu nikibadilisha modeli kabla ya swali lile.

Kosa la pili akanionyesha siku hiyo hiyo. Kwenye sahani ya MBOVU nilichanganya zilizotobolewa na wadudu na zilizoungua. Akazitenganisha kimya kimya. Iliyotobolewa haiuzwi. Iliyoungua kidogo ikageuka rangi inauzwa, ina daraja lake kabisa, SW, na bei yake. Ukiifundisha kompyuta kwamba kuungua ni ubovu, unatupa mali ya watu. Nikarudi nikaweka makundi matano: nyeupe, iliyoungua, yenye ngozi, yenye wadudu, iliyovunjika.

Nitaendelea na upande wa mitambo hapa chini, karibuni kwa maswali.

#2 DadaWaData

Asante sana mkuu. Swali la haraka: kamera ya simu inatosha kuanzia? Na picha ngapi?

#3 FundiTaa

Dada, kwa kujifunzia mezani inatosha. Kwa mkanda unaotembea, hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, simu inajirekebisha yenyewe mwanga, rangi na umakini wa lenzi kwa kila picha. Kwenye picha za harusi ni baraka. Kwetu sisi, tofauti ya nyeupe na iliyoungua ndiyo rangi yenyewe, kwa hiyo kamera inayojibadilishia rangi inafuta kile unachopima. Kwenye kamera ya viwandani, zima kila kitu kinachojiendesha: mwanga, mizani ya weupe, ukuzaji wa mawimbi (gain). Weka namba moja, ziandike kwenye daftari, ziache hapo hapo. Ya pili, shata (sehemu inayofungua na kufunga mwanga wa picha) ya simu nyingi inasoma picha mstari kwa mstari, na kitu kinachotembea kinapinda. Tafuta kamera ambayo shata yake inafunga picha nzima kwa mpigo mmoja.

Kabla ya picha ngapi, fanya hesabu hii kwenye karatasi. Tuseme kamera inaona upana wa milimita 200 na ina pikseli 2048 (nukta za picha) kwa upana huo. Kila pikseli inabeba karibu milimita 0.1. Tundu la mdudu la milimita 0.5 litapata pikseli 5, hapo unaweza kufanya kazi. Lakini YOLO za kampuni ya Ultralytics, usipozigusa, zinabana picha hadi pikseli 640 kabla ya kuisoma. Zile 5 zinabaki 1.6, na tundu limekufa hata modeli haijaliona. Sisi tunakata kwanza picha ya kila korosho peke yake, ndipo tunaipa modeli kipande hicho kwa ukubwa wake halisi. Mkanda wetu ni wa bluu, ile ya viwanda vya chakula, kwa hiyo kuikata korosho kutoka kwenye bluu hakuhitaji hata akili bandia. Ni kutenga rangi tu.

Sasa mwendo. Mkanda wa mita 0.3 kwa sekunde na shata ya milisekunde 1, korosho inasogea milimita 0.3 wakati picha inapigwa. Hizo ni pikseli 3, tundu linageuka mchirizi. Ukishusha shata hadi milisekunde 0.2 mchirizi unapotea, ila utahitaji mwanga mara tano. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye taa. Na usitumie taa za dari: umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za kawaida zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata fupi inaona. Utapata picha moja nyeupe, moja ya kijivu. Tumia LED za umeme wa moja kwa moja zenye usambazaji tulivu.

Boksi letu ni la bati, ndani limepakwa rangi nyeupe isiyong'aa, taa zinapiga juu ya kuta za boksi kisha mwanga unarudi laini pande zote. Kabla ya boksi, dirisha la mashariki lilikuwa linatuchezea. Saa nne asubuhi jua likigonga mkanda, korosho nyeupe zote zinahesabiwa zimeungua.

#4 MdauWaMarumaru

Mkuu hapo kwenye taa nakuunga mkono kwa asilimia mia, ila niongeze kitu kwa wengine wanaosoma. Mwanga laini wa pande zote unafaa kwa rangi, kama kwako. Mimi nipo kwenye vigae vya sakafu. Kasoro zetu ni mkwaruzo na vitundu kwenye glezi, na kwa mwanga laini vinapotea kabisa. Tunaweka taa chini kabisa, karibu ilale juu ya kigae, mwanga uje kwa ubavu. Uso laini unabaki mweusi kwenye picha, mkwaruzo unawaka kama uzi wa fedha. Ufa kwenye kingo ndio tunautafuta kwa taa ya nyuma.

Kwa hiyo mtu asinakili boksi la korosho akalipeleka kwenye chupa au bati. Shika kasoro yako mkononi, izungushe chini ya tochi usiku, taa zote zikiwa zimezimwa. Pembe ambayo kasoro inakurukia machoni, hapo ndipo pa kufunga taa.

#5 FundiTaa

Hilo la tochi usiku ni dhahabu. Wakuu lishikeni.

#6 SortexTupu

Samahani lakini mbona mnajitesa? Wenye vinu vya mchele wana sortex miaka yote. Mashine ya kuchambua kwa rangi inakuja na kamera na upepo wake, unawasha, basi.

#7 FundiTaa

Mkuu, mwenye mtaji anunue, sipingi hata kidogo. Nami nilijifunzia kwenye sortex ya mchele ya rafiki yangu. Pale ndipo nilipopata jibu la swali la mama: punje zinashuka kwenye mfereji, zikiachia zinapigwa picha mbele na nyuma zikiwa hewani, mbovu inapulizwa na upepo pembeni. Hewani hakuna upande wa chini.

Tukaiga. Mwisho wa mkanda korosho inaanguka sentimita 20 ndipo inapita mbele ya kamera mbili zinazotazamana. Ikifika pale ina mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo shata ni milisekunde 0.05 na taa zinamulika kwa mpigo pamoja na shata, la sivyo giza tupu. Valvu ya upepo iko sentimita 10 chini ya kamera. Hapo modeli ina chini ya milisekunde 50 kuamua, ikiwemo muda wa valvu kufunguka. Hii ndiyo ikanilazimisha kutumia modeli ndogo. Ile kubwa niliyoipenda ilikuwa inatoa jibu sahihi korosho ikiwa tayari ndani ya ndoo.

Tofauti yangu na mashine ya rangi pekee ni kwenye vitu ambavyo rangi haivitenganishi: tundu dogo la mdudu, kijipande kilichovunjika ncha, kivuli cha mkunjo kinachofanana na ngozi. Hapo umbo linahitajika pamoja na rangi.

#8 mtu_wa_Thika

Kazi safi sana. Huku kwetu ni makadamia, lakini shida ni ile ile. Nauliza kuhusu lebo, yaani jina la kundi tunaloipa kila picha. Sisi tuna wachambuzi watatu na hawakubaliani. Huyu anasema imeungua, yule anasema iko sawa. Ulifanyaje?

#9 FundiTaa

Ndugu yangu, hapa ndipo kazi yote ilipo, niruhusu nikae kidogo.

Tulichukua korosho mchanganyiko, tukazipa namba, tukawapa wachambuzi watatu kila mmoja kwa wakati wake bila kuona alichoamua mwenzake. Zile walizokubaliana wote tukaweka pembeni. Zilizobishaniwa zikajaza bakuli. Karibu zote zilikuwa mpaka wa nyeupe na iliyoungua. Kwenye wadudu hawakubishana.

Tukakaa mchana mmoja, kina mama watatu, msimamizi wa ubora na mimi, bakuli katikati ya meza. Moja moja. Mama mmoja akasema anaangalia ncha: ncha ikiwa imegeuka rangi, hata mwili ukiwa mweupe, yeye anaiita imeungua. Mwingine anaangalia mwili kwanza. Wote wamefanya kazi hii miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanaamua vipi. Mwishoni zilichaguliwa korosho kumi na mbili za mpaka, zikapigwa picha, zikabandikwa ukutani juu ya meza: mpaka hapa nyeupe, kutoka hapa imeungua. Ndipo tukaweka lebo upya, zote. Iliuma, lakini hakuna hatua iliyonisaidia zaidi ya hiyo. Kama watu wako hawajakubaliana, modeli inajifunza ugomvi wao.

Mtego mwingine: usigawe picha za kufundishia na za kupimia kwa kubahatisha. Mimi korosho moja niliipiga picha mara nane ikizunguka. Nyingine zikaangukia kwenye kufundisha, nyingine kwenye kupima, kwa hiyo modeli ilikuwa inafanya mtihani ambao imeshaonyeshwa majibu yake. Gawa kwa shehena. Fundisha kwa magunia ya Tandahimba na Masasi, pima kwa magunia ya Newala ambayo haijawahi kuyaona. Namba zitashuka. Hizo zilizoshuka ndizo za kweli.

Na msidanganywe na usahihi wa jumla. Kwenye korosho 1,000 kama mbovu ni 30, modeli inayosema "zote nzuri" ina usahihi wa asilimia 97 na haijafanya kazi yoyote. Hesabu mambo mawili tu, kila kundi peke yake: mbovu ngapi zimepita, nzuri ngapi zimetupwa.

#10 DadaWaData

Mkuu, na hii njia ya kufundisha kwa picha nzuri peke yake? Nimesoma habari za PatchCore, nikaona ni mkombozi kwa sisi tusio na picha nyingi za kasoro.

#11 FundiTaa

Nimeitumia, kupitia Anomalib, maktaba huria iliyotoka kwa wahandisi wa Intel. Kwa ufupi: unaipa picha za nzuri tu, inavunja kila picha vipande vidogo, inahifadhi sura ya vipande hivyo kama ghala. Picha mpya ikija inalinganisha kila kipande na ghala. Kilicho mbali na vyote ghalani kinahesabiwa kasoro, na inakuonyesha ni wapi.

Ni njia nzuri. Ila zile asilimia 99 na ushee unazosoma zilipimwa kwenye MVTec AD, seti ya mwaka 2019 yenye picha 5,354 za makundi 15 ya vitu na nyuso, zikiwemo kokwa za hazelnut. Pale mwanga umetulia, na kila kitu kimewekwa kwa utaratibu. Korosho zetu nzuri zenyewe hazifanani. Nyingine pana, nyingine imejikunja, nyingine ina mstari katikati wa kuzaliwa nao. Ikawa inaniletea kila kilicho kigeni: unga, korosho iliyogeuka kichwa chini, mbili zilizogusana.

Kwa maoni yangu itumie mwanzoni kama mkono wa kuokotea. Iachie shehena nzima, ikuletee mia mbili za ajabu kuliko zote, peleka hizo kwa wachambuzi waweke lebo. Badala ya kutafuta wadudu thelathini kwenye korosho elfu, unawakuta wamekusanywa. Ukishapata za kutosha kila kundi, hamia modeli inayojua makundi kwa majina. Kwa chuma, kioo, au plastiki inayotoka kwenye kalibu moja, hapo PatchCore inaweza kubaki peke yake.

Na unapofundisha YOLO, fungua mipangilio ya kuchezea picha. Kwa kawaida hsv_s ni 0.7 na hsv_v ni 0.4, maana yake programu inapotosha ukolevu wa rangi na mwanga kwa kiasi kikubwa ili modeli izoee mazingira tofauti. Kwa kutambua magari barabarani ni sawa. Kwa korosho unaiambia modeli kwa mkono wako, "usijali rangi", halafu unailaumu haijui iliyoungua. Mimi nimeshusha zote karibu na sifuri. Kuzungusha picha nimeacha kila pembe, korosho inaanguka vyovyote.

#12 MkulimaNewala

Naomba niulize ambalo wengi hawaulizi. Mama yangu mdogo anachambua kwenye kiwanda. Hii kamera yako ikifanya kazi vizuri, yeye anakwenda wapi?

#13 FundiTaa

Swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Jibu langu liko kwenye kizingiti. Modeli haisemi "mbovu", inatoa alama ya ubovu kati ya 0 na 1, na wewe unaamua ukatie wapi. Ukikatia juu, mbovu zinapita hadi kwa mnunuzi, na kontena moja likikataliwa ni hasara ya msimu. Ukikatia chini, nzuri nyingi zinapulizwa na upepo. Hakuna hesabu itakayokuchagulia hapo, unapima uzito wa makosa mawili. Lakini nzuri iliyopulizwa haijapotea, iko kwenye ndoo. Kwa hiyo tumekatia chini kwa makusudi, na ndoo yote inakwenda kwa kina mama. Wanaangalia zile zenye utata badala ya kuangalia zote. Mama aliyeniuliza swali la kugeuza sasa ndiye anayesaini kila badiliko la kizingiti, na analipwa kwa cheo hicho. Nilisema wazi kwa mwenye kiwanda kwamba bila yeye mfumo utaoza ndani ya miezi miwili, na naamini hivyo hadi leo.

Hata hivyo siwezi kukuhakikishia kila mwenye kiwanda ataamua hivyo. Yupo atakayekatia juu, apunguze meza. Ndiyo maana nataka vijana wetu wanaofunga mifumo hii wajue kwamba ile namba moja wanayoiandika ina watu nyuma yake.

#14 MkulimaNewala

Nimekuelewa. Asante kwa kutozunguka.

#15 mtu_wa_Thika

Na huduma za mtandaoni? Bosi wangu anataka tutume picha kwa seva za nje, tusinunue kompyuta.

#16 FundiTaa

Kwa milisekunde 50 haiwezekani, jibu halitawahi kurudi. Halafu fikiria Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Mkanda ungesimama? Jambo jingine, Amazon walikuwa na huduma ya kazi hii hii, Lookout for Vision, waliyoitangaza Desemba 2020 na ulikuwa unaanza na picha 30 tu. Ilifungwa Oktoba 2025. Tumieni seva za nje kufundishia kama mnapenda, ila modeli inayoamua ikae kiwandani, kwenye kompyuta mnayoweza kuigusa.

#17 MdauWaMarumaru

Umepata shida gani baada ya kufunga? Kwetu mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili majanga.

#18 FundiTaa

Vumbi. Kila siku modeli ilianza vizuri asubuhi, ikifika saa nane mchana iliyoungua zinaongezeka, saa kumi ndoo imejaa. Nikadhani joto la kompyuta. Siku moja nikapitisha kitambaa cheupe kwenye kioo cha boksi, kikatoka na rangi ya kahawia. Ule unga wa ngozi za korosho unapeperuka, unatua kioo kidogo kidogo, na kompyuta inaona dunia nzima imeungua. Sasa kioo kinafutwa kila baada ya saa mbili, na nimeweka kigae cheupe kidogo pembeni ya picha. Kikipungua weupe kupita kiasi, taa nyekundu inawaka na mkanda unasimama.

Tuna pia kopo la kipimo: korosho hamsini ambazo kasoro zake tunazijua, zinapitishwa kila asubuhi kabla ya kazi. Angalizo, korosho zenyewe zinabadilika rangi zikikaa, kwa hiyo kopo linajazwa upya kila Jumatatu, na anayelijaza ni mama yule yule.

Kilichobaki kunisumbua ni doa la mafuta ya ganda. Ganda likipasuka vibaya wakati wa kubangua, mafuta yale makali yanagusa korosho na kuacha doa hafifu, rangi ya chai iliyozimuliwa. Kwenye picha linafanana kabisa na kivuli cha mkunjo. Nimejaribu taa ya pembeni, nimejaribu kamera ya tatu, bado zinapita. Kina mama wanalijua kwa kuinamisha korosho kwenye mwanga, wanasema linang'aa kwa namna yake. Nimeanza kufikiria vichujio viwili vya mwanga (polaraiza) vilivyopishana mbele ya taa na lenzi, nilinganishe picha yenye mng'ao na isiyo na mng'ao. Kama kuna mtu humu amefanya hivyo kwenye kitu kinachoanguka, aniambie vichujio vinakula mwanga kiasi gani, maana kwa shata ya milisekunde 0.05 sina mwanga wa ziada wa kugawa.